Ngazi ya Sitini

Kutoka kwa Nsimire hadi soko la Kadutu
kuna ngazi mia moja na kumi na nne.
Nimezihesabu nikiwa na mimba,
nikiwa na cherehani kichwani,
nikiwa naye, tukicheka mpaka tunashika ukuta.
Ngazi ya sitini iko mbele ya meza yangu ya kushonea.
Tangu Septemba hapiti hapo.
Anazunguka kwa juu, barabara ya Cimpunda,
tope hadi kwenye kifundo, dakika ishirini zaidi,
na beseni la sambaza kichwani.

Kwa sababu ya dola arobaini.

Sikumwita mwizi. Sikumtumia mtu.
Nilisema tu, siku moja, mbele ya wateja wawili,
"Ile kitu yetu, ungali unaikumbuka?"
nikacheka ili ionekane sijasema.
Naye akacheka.
Kicheko chake kilidondoka kama kifungo cha shati:
nilisikia kikigonga sakafu,
sikuona kilikobingirikia.

Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga.
Hawasemi mkopeshaji huvaa nini siku zote hizo.
Mimi nilivaa wema wangu. Ulinikaa vizuri.
Nikimwona kwa mbali na kitenge kipya, nilipiga hesabu:
yadi sita, dola kumi na tano.
Nikiambiwa amenunua nyama, nilijumlisha.
Sikujua kwamba ndani yangu anaishi karani,
hali, halali, haendi misa,
anaandika tu.

Na siku moja pale bombani
nilimwona kabla hajaniona,
nikajibanza nyuma ya wauza mkaa.
Mimi. Ninayedai.

Karani ana ukurasa mmoja ambao hajaufungua.
Mwaka ule nilipozaa mtoto asiyelia,
Nsimire alilala kwenye mkeka wangu usiku kumi na moja.
Hakunipa maneno, hata yale ya Mungu.
Maziwa yalikuwa yakinijia bure, yananiuma;
aliyakamua gizani, kikombe kwa kikombe,
akayamwaga nyuma ya nyumba, kwenye mgomba,
ili nisiyaone.
Kulipokucha, kikombe kilikuwa kabatini, kimeoshwa.
Hicho unakiandika kwa dola au kwa faranga?

Jumanne nilifunika cherehani saa nane mchana
nikapanda Cimpunda kumngoja topeni.
Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na mwamvuli.
Nilisimama pale wanapochaji simu
mpaka umeme ukakatika
na vijana wote wakatukana kwa sauti moja.
Hakupita.

Niliporudi, Ansima, ninayemfundisha kushona,
alinipa noti ya kumi
iliyokunjwa ndani ya karatasi ya daftari la mtoto.
"Mama Nsimire amepita. Ameshuka kwa ngazi.
Ameketi kidogo, kwenye kiti chako.
Ameuliza kama ungali unakohoa."

Karani aliandika mbio: thelathini.
Nilimwacha aandike. Kazi yake ni hiyo.
Mimi nilinusa noti.
Ilikuwa ya sambaza, na moshi, na ya kwake.

Wateja hunigombeza:
mbona unaacha kitambaa chote hiki ndani ya mshono,
vidole viwili, hata kwa mtu mwembamba?
Ninawaambia mwili haukai pale ulipopimwa.
Nimesema hivyo miaka kumi na tisa,
pini mdomoni,
bila kujisikiliza.

Sasa ninaiogopa noti ya mwisho.
Ikija, tukawa hatudaiani,
ataketi kwa kisingizio gani?

Kiti kilibaki kimegeukia ngazi, alivyokiacha.
Sikukigusa.
Nilitia uzi kwenye sindano, nikakosa, nikatia tena,
kisha nikakohoa,
kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika,
nikielekeza uso juu.