Uniti Tisa

Mama, zimefika tisa.
Tatu za masika, sita za kiangazi,
zimeandikwa kwa wino wa kijani katika daftari la msajili,
kwenye ukurasa wa watu ambao tayari wana shahada,
na mimi sina.

Bwana Ngasa hakunidanganya.
Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai:
"Ukimaliza ya kwanza, hizi zitakutangulia kwenye uzamili.
Usipomaliza, binti, ni upepo.
Upepo wenye muhuri."

Wewe ulisema siku ile pale Isevya,
ukichambua michembe iliyoota ukungu:
mshika mbili, moja humponyoka.
Ulisema bila kuinua macho,
kama mtu anayemkumbusha mwenzake chumvi.
Sikujibu.
Mkono wako mmoja ulikuwa kwenye ungo,
wa pili ukihesabu chenji ya mteja,
na kwa mguu ulikuwa unafukuza kuku.

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
naingia darasa la wakubwa.
Mwalimu mkuu anatoka Ilolangulu kwa pikipiki,
vumbi hadi kwenye kope.
Nesi Nshoma, wa zamu ya usiku,
husinzia kalamu ikiwa imesimama wima.
Mzee Kalugula, bwana nyuki, bado miaka miwili astaafu,
husoma makala akinong'ona kama mtu anayesali.
Waliniita Mtoto.
"Mtoto, tusomee jedwali hilo, macho yetu yamechoka."
Nikawasomea.
Wiki ya nne waliacha kucheka nilipouliza swali.
Wiki ya saba mwalimu mkuu aliazima daftari langu,
akalirudisha na maganda ya karanga katikati ya kurasa.

Bodi ya mikopo haizijui uniti hizi.
Yenyewe imelipa safari moja, kituo kimoja.
Hizi zimelipwa na asali,
ndoo mbili za Sikonge
ulizosema unaziuza ununue bati.
Bati sijaliona.
Mvua ikinyesha usiku, huku bwenini,
nazisikia sufuria zako moja moja:
ile ya mlangoni ina sauti nene,
ile iliyo karibu na kitanda chako hulia haraka.

Sasa jambo la pili, ambalo sikuliandika kwenye simu.
Takwimu ya mwaka wa tatu imenikamata.
Thelathini na nane.
Somo la wenzangu, la saa mbili asubuhi,
saa ambayo kichwa changu bado kimekaa
kwenye kiti cha jana jioni.
Nitarudia mwezi wa tisa.
Kwa hiyo ulisema kweli, moja iliponyoka.
Ila nimeiona ilikobingirikia, Mama. Haiko mbali.

Kuna usiku nakosa usingizi
nasikiliza treni iliyotoka Dar ikikatwa stesheni.
Ya Mwanza yanavutwa kando,
ya Kigoma yanatafutiwa kichwa chake.
Chuma kinagonga chuma, halafu kimya kirefu.
Ndani kuna watu wamelala, viatu chini ya viti,
hawajui kwamba bado wako Tabora
na safari ya pili imeshawashika.
Nawaonea wivu. Mimi nilisikia kishindo chote
nikiwa macho.

Bwana Ngasa aliniuliza kama azifute zile tisa,
nipumue, nimalize moja kwanza.
Alishika rula tayari, mtu wa utaratibu.
Nikamwambia aziache.
Akaiweka rula, akaguna,
akanipa fomu ya kurudia mtihani, elfu kumi, risiti nyuma ya mlango.

Nesi Nshoma amenilipa kwa kumchapia ripoti yake.
Inatosha bati moja.
Nimeshaongea na fundi wa Kanyenye, atakuja Jumamosi,
aanzie juu ya kitanda chako.
Sufuria za sebuleni ziache pale pale.