Nguo ya Shaba

Saa kumi na mbili asubuhi, Baba Dogo, baridi ya Julai.
Nafungua valvu ya chini, naacha mafuta ya kwanza yaende na uchafu wake,
kisha navuta taratibu, kama muuguzi,
sindano ya kioo ijae bila povu.
Transfoma haishtuki. Inavuma tu,
mvumo mmoja tangu mwaka niliozaliwa.

Watu hudhani stima inakaa kwenye shaba.
Inapita tu. Kinachoizuia isiruke
ni karatasi,
karatasi ya mti, ya kaki, kama ile ya kufungia sukari dukani zamani,
iliyoviringishwa mkunjo juu ya mkunjo,
ikalowekwa mafuta, ikafunikwa,
isione jua tena.

Bi Wakesho wa maabara alinichorea siku moja nyuma ya bahasha:
mnyororo, pete elfu moja na zaidi, zimeshikana mikono.
Joto linakata moja. Hewa inakata moja.
Maji nayo yanakata, na kadiri pete zinavyokatika
ndivyo karatasi inavyotoa jasho lake,
na jasho hilo linarudi kukata.
"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema.
"Hapa nguo ndiyo inayojila."

Mafuta nimeyachuja mara tatu, yakang'aa kama chai ya rangi.
Karatasi haichujwi.
Ujana ni moshi, hata ndani ya pipa la chuma.
Niliwahi kuona moja iliyofunguliwa, karakana ya Eneo la Viwanda:
niligusa tu, ikabaki kidoleni
kama ganda la kitunguu lililosahauliwa kikaangoni.

Majibu yalikuja Alhamisi. Pete mia mbili na thelathini.
Nikampigia. "Bado inazuia?"
"Inazuia. Hata ikizeeka inazuia vizuri tu.
Ila msiitikise."

Msiitikise!
Nimwambie nani? Fundi wa kuchomelea wa Lucky Summer
mwenye mashine tatu juu ya mita moja?
Awino wa saluni, vichwa vinne vya harusi Ijumaa usiku?
Lori la mchanga linalotafuta nguzo ya kugonga?
Siku nyaya mbili zikigusana huko nje,
koili humu ndani zitajikaza zote kwa mpigo, kama misuli,
na nguo nzee huraruka kwapani.

Niliandika barua. Tatu.
Zipo makao makuu, faili la kijani,
karatasi nyeupe pe, hazijakunjika hata pembe.
Hizo hazizeeki. Hazijabebeshwa mzigo.

Saa moja jioni mshale wa geji unapanda:
nyuzi themanini na moja, themanini na tatu.
Namkabidhi Mutiso zamu, nasaini daftari.
Nyumba yangu iko ng'ambo ya ukuta, laini hiyohiyo.
Sare ya Kemunto imeanuliwa ingali mbichi, kesho ana mtihani.
Nachomeka pasi. Taa inafifia kidogo, inarudi.
Kule nje mvumo umeshuka sauti,
au ni masikio yangu.
Naanza na kola, haraka haraka. Kisha nachomoa,
na marinda nayanyoosha
kwa moto uliobaki.