Msumari wa Kumi na Saba

Kila mvua ikikatika, Verlinda Etsitty hurudi
na rula ya chuma, daftari, chupa ya kahawa iliyopoa.
Misumari aliipigilia mwenyewe, safu kwa safu,
kwenye mgongo wa kilima kilichofinyangwa na buldoza.
Wa tatu: milimita mbili.
Wa tisa: hakuna, nyasi zimeukamata udongo.
Wa kumi na saba umechomoza
kama jino la kondoo mzee.

Bondeni, mfereji waliouchora wahandisi
umeikataa kona yake ya pili.
Maji hufuata mkondo, husemwa;
haisemwi mkondo wa nani.
Haya yameikumbuka njia ya kabla ya makaa ya mawe,
pale bibi yake alipovushia kundi.

Ramani ya kampuni inasema: imara.
Dhamana inangoja saini, Ijumaa.

Anapiga magoti kwenye tope jekundu la New Mexico,
anapima tena.
Sentimita nne na nusu.

Simu. Mjomba Harrison,
aliyelichimba bonde hili miaka ishirini na sita:
"Limetulia?"

"Linatembea," anajibu,
na tarakimu anaiandika kwa wino.
Penseli ameiacha garini.