Hokinzi, Fundi Redio

Amekuja na mkoba wa karatasi, Bi Loreta,
kutoka Toledo, mji wa Ohayo, ambako, anasema,
theluji hulala barazani kama mbwa asiye na mwenyewe.
Anamtafuta Wolta, kaka wa baba yake,
aliyeondoka mwaka sitini na tisa, akatuma kadi tatu.
Ya mwisho ina picha ya Sanamu ya Askari
na nyuma yake maneno mawili, kwa Kiswahili:
Nimepata chumba.

Hapa ni stoo ya halmashauri, Ilala, chini ya ngazi.
Feni inazunguka kwa kusuasua. Mchwa wamehitimu:
wamezisoma daftari za hamsini na nane zote,
na mvua ya Aprili, Msimbazi ulipovimba,
iliinywa sabini na tatu mpaka jalada.
Kilichosalia ni changu. Mimi ndiye nijuaye
kwamba K ya zamani iko nyuma ya ndoo.

Tulilitafuta jina kama lilivyo kwenye pasipoti yake.
Hamisi, Hassani, Hawa binti Kondo,
Hawa mwingine, muuza vitumbua, anadaiwa miezi minne.
Siku mbili, hapana.
Chai ya tangawizi, kachori, hapana.

Wakati wa chai aliutandaza ukoo wake juu ya meza yangu:
Ohayo, kisha Alabama, kisha karatasi moja
ya mwaka elfu moja mia nane na sitini,
wino mzuri, mwandiko wa mtu aliyelala vizuri.
Mwanamume, ishirini na mbili, mweusi.
Mwanamke, kumi na tisa, mweusi.
Mtoto, miezi sita.
Jina lililoandikwa ni la mwenye shamba tu.
"Mmoja wa hawa ni wangu," akasema. "Sijui yupi."
Akapitisha kidole juu ya mistari yote
kama tupapasavyo mchele kwenye ungo, tukitafuta chuya.
Nikamwongezea sukari bila kumuuliza.

Siku ya tatu niliacha kusoma kwa macho.
Nikasoma kwa mdomo, nikimfuata karani yule
aliyesimama mlangoni, akauliza, "Jina?",
akaandika alichosikia.
Mtaa wa Utete, nyumba kumi na saba, chumba cha uani:
Hokinzi Wota. Fundi redio. Shilingi thelathini.
Bi Loreta akainuka, kiti kikaanguka.
"Soma tena."
Nikasoma.
"Tena."

Sasa tazama safu ya nne, ile iliyoitwa Kabila.
Sabini: Mmarekani.
Sabini na moja: Mmarekani, limekatwa; juu yake, mgeni.
Sabini na mbili: mgeni, limekatwa,
na pembeni, kwa penseli, herufi zimebanana,
M. S. Pazi, karani, ameandika: huyu wa hapa.
Sabini na tatu, nimekwisha sema, iko tumboni mwa mvua.
Sabini na nne chumba kina mshona viatu.

Alikwenda wapi? Kitabu cha kodi hakiandiki safari,
kinaandika deni. Hana deni.
Nilimwambia hivyo maana ndicho nilichokuwa nacho,
naye akakinakili polepole
kana kwamba nimempa tarehe ya kuzaliwa mtu.
"Huyu wa hapa," akauliza, "ni kabila gani?"
Nikamwambia ni la karani aliyechoka kufuta.

Kisha ada. Elfu kumi, upekuzi wa kumbukumbu.
Nikafungua kitabu cha stakabadhi, nikatia kaboni.
Imepokewa kutoka kwa Bi Loreta,
na pasipoti yake imelala wazi mbele yangu, H, A, W,
na mkono wangu ukaandika Hokinzi.
Niliona. Kaboni ilikuwa imekwisha kunakili.
Ningeweza kukata, kanuni zinaruhusu,
na kuweka sahihi ndogo pembeni.
Nikagonga mhuri.
Atakayekuja kutafuta, baada yetu, baada ya mchwa,
atawakuta herufi moja.