Mguu Haujui

Nyumba ya Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
ilianza kulalamika kabla ya masika:
kwanza tone moja ndani ya sufuria,
kisha beseni, kisha ndoo mbili na karai,
mpaka mama akasema analala katikati ya ngoma.

Nikamwita fundi Shekalaghe.
Akaja na futikamba, na pensheli sikioni,
akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza.
"Haujafa huu," akasema. "Umezibwa pumzi."

Maana kaka Mbwana, mwaka ule wa mafao yake,
aliupiga saruji juu ya udongo na chokaa,
akapaka rangi ya mafuta, kijani ya zahanati.
Ukuta ukakosa pa kutolea jasho.
Ukatoa malengelenge, ukatoa chumvi,
kila asubuhi tunafagia magamba.

Tukabandua wiki nzima.
Chini ya kijani, samawati; chini ya samawati, chokaa;
chini ya chokaa, udongo mwekundu na nyuzi za mkonge,
na kwenye udongo alama za vidole vinne
vya mtu aliyekandika kwa haraka kabla sijazaliwa.
Kijana wa fundi akatia vyake humo. Vikaenea.
"Ziba," nikasema,
kibarua kinahesabiwa kwa siku.

Hesabu yangu iko nyuma ya kalenda:
bati thelathini, geji ishirini na nane
(nyembamba fundi kazikataa: "hizo za kufungia vitumbua"),
misumari kilo tatu, mbili ndizo nilizoziona,
chokaa ya Amboni mifuko kumi na mmoja,
advansi, na advansi juu ya advansi,
na msiba wa shemeji yake huko Lushoto:
siku nne tunatazama mbingu katikati ya kenchi,
mama uani, juu ya mbuzi ya nazi,
kazungukwa na vyombo kama mtu anayehama
asijue aendako.

Mama haoni. Mwaka wa sita huu.
Basi nikampangia raha, mimi na akili zangu:
choo cha ndani, dirisha pana upande wa upepo,
sakafu moja tambarare toka ukumbini hadi uani.
Kizingiti kilichoning'oa kucha utotoni
kikang'olewa nacho, kwa mtaimbo,
kikatoka na udongo wake kama jino.
Mlango uliokuwa ukilia tukauranda,
bawaba tukazinywesha mafuta.

Siku ya kurudi ndani, mama alinusa kwanza.
Akapapasa ukuta. Mkavu.
Akaketi chini ya dirisha, upepo ukamvuta mtandio.
"Leo nimehamia Raskazone," akasema, akacheka peke yake.

Jioni nikaingia na mkate.
"Nani?"
Hajapata kuniuliza hivyo.
Kumbe mlango ndio uliokuwa ukimnong'oneza:
mimi huusukuma kwa bega, Mbwana kwa teke,
Bi Kibibi wa jirani huukwaruza tu, akija kuazima chumvi.
Sasa sote tunaingia bila majina.

Na pale kizingiti kilipokuwa,
kila apitapo, mama hushika mwimo,
huinua mguu juu, juu kabisa,
akavuka kitu kisichokuwepo,
akatua taratibu kwenye saruji niliyoilipia.
Nimemwambia. Anasema,
"Najua. Mguu haujui."

Shekalaghe akaja kudai salio.
Akamwona akivuka. Akavua kofia,
akatazama ile mbao nyuma ya choo, akanitazama mimi,
akataja bei.
"Kizingiti acha," mama akadakia toka ndani,
"nitakizoea. Mlango huo
ndio ulionipofusha."

Fundi akachomoa bawaba ya chini, akaifuta mafuta,
akaipaka maji ya chumvi, akairudisha.
Hiyo hakunitoza.

Ilichukua wiki mbili kushika kutu.
Jana nimeusukuma kwa bega.
Ukatoa kilio chembamba, si kile cha zamani,
cha mtoto wake labda.
Mama hakugeuka.
"Mkate umesahau," akasema.