Ramani ya Tatu

Ramani ya kwanza waliikunja kabla chai haijapoa.
"Hauna mnara," alisema Lali Shekuwe, mweka hazina.
Nikamjibu: misikiti ya kale ya Mkomani haikuwa na minara;
mwadhini alipanda ngazi hadi darini,
akaweka viganja masikioni,
na mtaa ukaamka.
Akacheka. "Siku hizo punda hakuwa na mpinzani.
Leo kuna bodaboda na jenereta."

Ya pili niliichana mwenyewe.
Nilikuwa nimeazima kila kitu: zidaka safu kwa safu,
nakshi za plasta, boriti za saruji zilizopakwa rangi ya mkoko,
msikiti uliovaa kanzu ya babu yake
kwenye harusi isiyo yake.

Ndipo nikaenda kumtazama Fundi Famau akikausha birika
la msikiti uliokwisha kubomolewa nusu.
Chini ya tope, sahani ya kaure, buluu, imepachikwa sakafuni,
na humo, penye maji ya kiganja kimoja,
samaki wawili wadogo wamejibanza.
"Hawa ndio watumishi," akasema.
"Hula viluwiluwi vya mbu. Mshahara hawajauona."

Siku hiyo nikajua ninachochora.
Si tao. Kazi ya tao.
Si kidaka. Kile kiza kidogo kinachopoza ukuta.
Mihrabu ilikuwa kipaza sauti kabla ya umeme:
shavu la chokaa
lililomrudishia imamu aya yake ikiwa imenona.

Basi, hii ya tatu.
Matumbawe sikati; bahari ina haki na mifupa yake.
Kuta ni matofali ya udongo na chokaa, mazito,
yenye matundu yaliyolazwa mshazari
upepo uingie, vumbi libishe hodi tu.
Kibla yetu ni kaskazini, karibu sawasawa,
kwa hiyo juu ya mihrabu nimeacha ufa wa shubiri moja.
Kuanzia Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri
litateremka humo, limlalie imamu mabegani.
Miezi mingine ufa utakuwa na anga tu.
Hilo pia nimelichora.

Mama aliishika karatasi kichwa chini, akaigeuza,
akafuata mistari kwa ukucha wenye hina.
"Ndiya ya wake ni ipi?"
Nikamwonyesha: mlango wa pembeni, ngazi, pazia...
"Sikukuuliza tutafichwa wapi."

Punda alipita nje na mchanga wa watu.
Nikachukua raba.
Nikafuta ngazi. Nikafuta ukuta wa sentimita ishirini.
Nikausogeza ua, birika likaja katikati,
daka moja, milango miwili ya upana mmoja,
pande zote zikiuona ufa uleule.

Kesho kamati. Lali atauliza mnara.
Nitamwambia upo, umelala:
ni lile baraza refu linaloelekea sokoni,
ambamo sauti ya mwadhini itakwenda kwa miguu.

Na samaki?
Wako kwangu jikoni, ndani ya ndoo.
Sijawaandika kwenye bajeti.