Miiba Miwili

Mwanga, tulifundishwa, hutoka kushoto, juu.
Siku zote. Hata kama dirisha lako liko kulia,
hata kama jua la Ruwi linaingia kwa mlango wa jikoni
baada ya kupanda matangi ya maji na madishi ya jirani,
kwenye karatasi utalitoa kushoto, juu,
na kivuli kitaanguka kulia, kwa adabu.

Niliacha kazi ya bima mwezi wa Mfungo Tatu.
Miaka tisa niliandika magari ya watu yaliyogongana,
bampa, taa, upande wa dereva,
na pembeni mwa kila fomu, bila kuombwa,
jani.

Kaka yangu Mudrik akauliza: "Kuchora majani?
Mbuzi nao wanayajua majani. Nani anawalipa?"
Nikamtajia: riali sitini.
"Kwa siku?"
Kwa mchoro. Na mchoro mmoja miezi mitano.
Akaanza hesabu kwa vidole, akaviacha hewani.

Kwa sababu mkunazi haukimbizwi.
Maua ni Oktoba, nyuma ya kituo cha mafuta, Wadi Adai,
madogo, ya kijani kinachotamani umanjano,
petali tano, na kila petali imefumbata stameni yake
kama mtoto ndani ya buibui la mama.
Matunda mpaka Februari.
Katikati ni kungoja, na kupima kwa bikari,
na nyuki, ambao wao hawangoji.

Tawi nalihifadhi kwenye friji, ndani ya kopo la halua,
limevikwa kitambaa chenye maji, baina ya nguru na bamia.
Mara mbili Mudrik amelifungua kwa tamaa,
mara mbili amelifunga kimya.

Jirani anauita sidri.
Mlinzi wa kituo, Mbaluchi, anauita kunari.
Lebo inataka Kilatini, maneno mawili yaliyolala upande.
Kwetu ni mkunazi tu:
mama alikuja na neno hilo kutoka Wete,
mzigo pekee ambao hawakuupima bandarini.

Miezi mitano hakuitazama karatasi.
Alimenya vitunguu thomu vyake, akasikiliza redio.
Siku moja akapita, akarudi, akainama.
"Mwiba huu mwongo."
Mama?
"Umeichora miwili sawasawa, kama meno ya uma.
Mmoja hunyooka. Mmoja hupinda.
Ulionyooka unakuchoma,
uliopinda unakushika usikimbie.
Nilikuwa na miaka minane. Kipande cha kanga yangu
labda bado kiko kule juu."

Nikachukua lenzi.
Mmoja umenyooka.
Mmoja umepinda.

Wino haufutiki. Unaukwangua kwa wembe, polepole,
mpaka karatasi itoe malaika,
unayalaza kwa ukucha, unaanza nukta upya.
Nukta ndiyo kivuli chetu. Tumbo la kunazi moja
linakula nukta elfu na bado lina njaa.

Usiku nilikuwa kwenye mishipa ya jani,
mitatu, inaanzia kikonyoni pamoja
kama ndugu watakaokosana mbele ya safari.
Mama akaja na chai, akasimama upande wa taa,
yaani kulia, upande usioruhusiwa,
na kivuli chake kikalala juu ya karatasi nzima.
Sikumwambia asogee.

"Majani haya," akasema, "umechuma mengi?"
Tawi moja tu, mama.
"Vizuri. Usiumalize mti.
Mengine nitakuja kuoshewa."
Alisema kama mtu anayeagiza chumvi dukani,
akaenda kufunga madirisha.

Chai ikapoa. Nikachonga penseli.
Chini ya mchoro kuna mstari mdogo wa kipimo,
sentimita moja.
Niliupima mara tatu.